Busia Mbili, Barua Moja

Jumatatu, 11 Juni 1979

Karani Ochom wa ofisi ya wilaya alifika kwangu asubuhi. "Tumsifu Yesu Kristo!" — akiwa bado juu ya baiskeli. Nikamwitikia, Milele amina, na kumwomba ashuke kwanza.

Alisema amekuja binti kutoka Nairobi. Serikali inakusanya karatasi zote za utawala wa marehemu Rais: maombi ya wananchi, kumbukumbu za ziara zake, risala za wazee waliokwenda kumwona. Ziwekwe pamoja katika hifadhi moja, zisiliwe na mchwa. Stoo ya wilaya imejaa, na nyingi zimeandikwa kwa Kikhayo au Kiteso. Binti hajui hata moja ya lugha hizo. "Mwalimu, nusu ya barua zile umewaandikia watu wewe mwenyewe," alisema Ochom. "Utazitambua kama kuku anavyotambua vifaranga."

Nilikubali. Nimekuwa katekista kwa miaka thelathini na minne, na kila asiyejua kuandika amepita mezani pangu.

Ochom alipoondoka niliketi. Mke wangu Anjeline akauliza mbona uji umepoa.

Katika stoo ile imo barua moja niliyoiandika bila kutumwa na mtu.

Jumanne, 12 Juni

Binti anaitwa Millicent. Ana adabu, ingawa kila sentensi yake ina Kiingereza katikati. Anafanya kazi kwa namna iliyonipendeza. Anatoa pini zenye kutu, anapangusa jani kwa brashi laini, kisha anaandika namba kwa penseli pembeni juu. Jani lenye namba halipotei tena. Likitoka, pengo linaonekana.

Ochom alitaka kutupa bahasha zilizochakaa. Binti akamkatalia: "Wacha, boss! Bahasha ndiyo inajua barua ilipita wapi." Ochom akasema Nairobi kweli kuna kazi, hata takataka inaajiri watu.

Nilimwuliza ni nani atakayezisoma. Akasema hakuna, Mzee, mpaka miaka thelathini ipite. Nikapiga hesabu. Mwaka 2009! Nitakuwa na miaka tisini na sita, au nitakuwa chini ya udongo wa Bukhayo.

Ninakiri hapa kwamba hesabu ile ilinifurahisha.

Jumatano, 13 Juni

Leo hatukuifikia rafu ya mwaka 1976. Nitaandika jambo lenyewe, kwa kuwa sijawahi kuliandika.

Ojakol ni seremala. Mabenchi yote ya kanisa letu ni kazi ya mikono yake. Mwezi wa Machi 1976 kamati ya kanisa ilitakiwa kutoa fahali kwa ajili ya mapokezi ya Rais. Ojakol akasema, "Nebukadneza alikula majani kama ng'ombe. Huyu wetu anakula ng'ombe wenyewe! Yupi aliye nafuu?" Watu wakacheka. Nami nilicheka — mwenyekiti! — mpaka nikafuta machozi.

Juma lililofuata kamati ilimchagua Ojakol kuwa mwenyekiti mahali pangu.

Usiseme, ee nafsi yangu, kwamba uliandika kwa ajili ya heshima ya taifa. Uliandika kwa ajili ya kiti. Nilimwandikia Mkuu wa Wilaya kwamba Ojakol, seremala, amemlinganisha Mtukufu Rais na mfalme mpagani aliyerukwa na akili. Sikutia jina. Nilitia "Raia Mwaminifu". Na kwa kuwa watu wa posta ya Busia wanaijua sura yangu, niliipeleka Malaba siku ya kufundisha katekisimu, nikaiposti huko.

Baada ya siku saba Landrova ilikuja kumchukua. Alikaa ndani miezi minane. Alirudi karibu na Krismasi na kikohozi ambacho hakijamtoka.

Niliungama. Padri hakunipa sala nyingi. Alinipa kitubio kimoja: Kamwambie. Nimesali rozari ngapi badala ya kwenda kumwambia!

Na mwezi wa Agosti, Mungu akipenda, mwanangu Vitalis atafunga ndoa na Apolot, binti wa Ojakol.

Alhamisi, 14 Juni

Leo tumeifikia rafu ya mwaka 1976.

Jalada lake lina jina juu: OJAKOL, SEREMALA. Binti alikuwa ameshatia namba. Nililiomba nilipange mimi. Jani la 3 limepigwa kwa mashine, halina sahihi. Nilisoma mistari miwili — fahali, Nebukadneza — nikaligeuza chini. Limepokelewa tarehe 5 Aprili 1976. Pembeni limeandikwa: "Akamatwe." Si langu! Sina mashine, wala sijui kuitumia.

Kwa hiyo yuko mwingine aliyecheka pamoja nasi siku ile.

La kwangu ni la 14, na bahasha yake imeshonwa nalo. Nimeandika vizuri, kwa mistari iliyonyooka: "Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Busia." Basi. Sikuandika Kenya. Mimi ninayewaonya watoto wa katekisimu kila mwaka kwamba Busia ni mbili, ya Kenya na ya Uganda! Na kwa kuwa niliiposti Malaba, mpakani, ikatiwa katika mfuko wa ng'ambo. Ipo mihuri mitatu. Malaba, 3 Aprili. Upande wa Uganda, 20 Mei. Kisha ofisi yetu hapa: 3 Februari 1977.

Februari! Ojakol alikuwa nyumbani tangu Krismasi. Alikuwa ameshatengeneza mlango mpya wa sakristia.

Huko ng'ambo mtu aliifungua. Ameandika kwa penseli juu ya neno Rais: "Rais yupi?" Na chini: "Seremala huyu hatunaye. Si wetu. Irudishwe Kenya." Je, kama wangekuwa naye? Ojakol wako wengi ng'ambo ile, na siku zile, chini ya mtawala wao yule, mtu alipotea kwa maneno machache kuliko hayo. Bwana aliwafumba macho wasimwone seremala mwingine. Sikustahili.

Hapa kwetu waliandika kwa wino mwekundu: "Imepitwa na wakati. Iwekwe."

Miaka mitatu nimetembea nikijua kwamba mimi ndiye niliyemtia ndani rafiki yangu. Si mimi! Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya stoo na kumshukuru Mungu kwa sauti, hata Ochom akachungulia kuona kama nimeugua.

Anjeline amesema nimekula sahani mbili leo.

Ijumaa, 15 Juni

Nimeamka mwepesi. Niliufikia mstari wa saba wa zaburi ya asubuhi ndipo nilipojiona. Ninafurahia nini? Ninafurahia kwamba uovu wangu ulichelewa gari. Risasi haikumpata mtu, lakini kidole kilikuwa changu.

Hata hivyo furaha haikuondoka. Nadhani ni halali. Mungu angeweza kuifikisha barua, naye hakuifikisha.

Binti alikuwa akiandika orodha ya jalada. Kila jani, tarehe yake na mwandishi wake. Alipofika la 14 akaandika: mwandishi hajulikani. Alikunywa chai, akaendelea na la 15. Penseli yake ilikuwa imeshapita! Ningenyamaza tu.

Nikasema, "Binti, la kumi na nne linajulikana."

"Ni nani, Mzee?"

"Ni mimi."

Akanitazama. Akalisoma jani tena, polepole. Hakunihukumu kwa uso wala kwa neno. Akafuta kwa kifutio, akageuza karatasi upande wangu. "Basi andika jina lako mwenyewe, Mzee. Mimi spelling yako naweza kosea."

Nikaandika majina yangu matatu, la ubatizo likiwa la kwanza.

Ndipo akaniambia jambo jingine. Jani la 9 katika jalada hilohilo liko kwa Kiteso, nami Kiteso changu ni cha salamu na soko. Ochom ana Kiteso chake, lakini hataki kukitumia juu ya jalada la jirani. Binti amempata mtu atakayekuja Jumatatu kusoma barua zote za Kiteso. Fundi mmoja anayetengeneza madirisha ya ofisi.

"Anaitwa nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

Jumamosi, 16 Juni

Mvua. Sikutoka. Nimechonga penseli tatu ambazo hazikuhitaji kuchongwa.

Jumapili, 17 Juni

Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Maandamano yalikuwa mazuri, matope kidogo tu. Ojakol alibeba nguzo moja ya mwavuli wa Sakramenti nami nikabeba ya pili, bega kwa bega, akikohoa.

Baada ya Misa nilimshika mkono. "Ojakol, nina neno."

"Mimi pia nina neno!" akasema. "Mkwe, yule Vitalis wako amekuja kwangu na shati halina kifungo. Mama Apolot amekataa kumpa chai mpaka amshonee. Sasa sisi tunaoza binti au tunalea kijana?" Wote waliokuwa karibu wakacheka. Anjeline ndiye aliyecheka zaidi.

Neno langu halikutoka. Lakini sikulimeza kama miaka iliyopita. Lilikaa mdomoni, tayari.

Jumatatu, 18 Juni

Saa nne asubuhi. Ninaandika hapahapa ofisini, kwenye ncha ya meza, kwa kalamu ya binti, ili mikono yangu iwe na shughuli.

Ojakol amefika na futi yake mfukoni. Alipoona jina lake juu ya jalada alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akasema, "Kumbe nami nimehifadhiwa pamoja na Rais! Watu wa kwetu watanisalimia kwa mikono miwili." Ochom akacheka, kisha akaona haya, akaenda kutafuta gundi.

Jani la 9 ni la mkewe. Alimwandikia Rais mumewe alipokuwa ndani. Ojakol hakulijua. Alilisoma kwa Kiteso kwanza, midomo tu ikitembea. Kisha akatufasiria: "Mume wangu ana mdomo, hilo nakubali, hata mimi umenichosha. Lakini mikono yake ni mizuri. Ufunge mdomo, unirudishie mikono." Millicent aliandika huku akijizuia. Ojakol alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Huyu mwanamke," alisema. "Miaka mitatu, na hajasema!"

Binti akamwambia asante, Mzee, inatosha, katika jalada hili hiyo moja tu ndiyo ya Kiteso. Akanyoosha mkono kulichukua jalada. Naye alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi, ninajua.

Ojakol akauliza kama anaweza kuona zilizobaki, maana jina ni lake. Binti akaanza kueleza juu ya miaka thelathini.

Nikasema, "Mwache asome, binti. La kumi na nne ni langu."

Ojakol aligeuka. Uso wake ukafunguka wote. "Uliniandikia wewe pia, Mwalimu? Ulimwandikia Rais kwa ajili yangu? Na hukuniambia kamwe!" Akanipiga bega, pigo la seremala. "Wacha nisome moja baada ya nyingine. Yako nataka niifikie vizuri."

Sikumsahihisha. Barua itamsahihisha, kwa mwandiko wangu. Nami nitakuwapo, sitatoka nje.

La ajabu ni kwamba moyo wangu umetulia. Haujatulia hivi tangu mwaka 1976. Millicent ameacha kuandika. Ochom amerudi na gundi, amesimama mlangoni.

Ojakol analowesha kidole kwa ulimi kila anapogeuza. Husoma polepole. La tatu, lile la mashine, alilitikisia kichwa tu, akaendelea. La kumi na moja lilikuwa orodha ya vitu vilivyochukuliwa nyumbani kwake, akacheka kwa sababu waliandika randa yake kuwa ni silaha.

La kumi na mbili.

Amenitupia jicho, anatabasamu.

La kumi na tatu —