Beberu wa Matanga ya Mama

Mhina, mtumwa wangu,

Wee Mbondei mwenye masikio ya kuchotea maji! Naanza na matusi kwa sababu ndiyo salamu yetu, sisi Wadigo na nyinyi Wabondei, watani wa kuitana watumwa, na kwa sababu siku tuliyokuzika sikuweza kukutukana. Nilikaa kwenu Muheza, kwenye jamvi la wanawake, kimya kama mgeni aliyepotea njia. Mkeo alikuwa akinitazama. Kofia yako ilining'inia msumarini, juu ya kichwa changu, na wote mle ndani walijua kazi yangu ni nini: niivae, nikohoe kikohozi chako kile cha ugoro, nipite katikati ya wafiwa nikidai chai kwa sauti yako, hata wacheke na machozi yanawatoka. Ndivyo mtani anavyomzika mtani wake. Sikuinuka, Mhina. Mkeo alingoja mpaka alasiri, kisha akageuza uso.

Mwaka unakaribia sasa. Nina mengi ya kukwambia, na moja nimelificha kwa kila mtu. Nitafika huko, usiniharakishe. Wewe siku zote ulikuwa mtu wa haraka.

Nikupe habari za hapa kwanza. Tangu ufe, utani umekufa kijijini kwetu. Misiba ya hapa Moa sasa ni kama ofisi ya serikali, watu wanaingia, wanakaa, wanatoka. Mwezi uliopita alikufa bibi mmoja wa mtaa wa juu, na watani wake wakaja wakakaa mikono mapajani, hakuna aliyethubutu kugusa hata kijiko. Maalim wetu, ambaye hakuwahi kuupenda utani wa msibani, anasema ni kheri, watu wameacha upuuzi. Nilimjibu vibaya. Nimeambiwa nikamwombe radhi, na bado sijaenda.

Na beberu yuko hai. Yule yule mweusi mwenye doa jeupe shingoni. Hakuna aliyetaka kumchinja, hakuna aliyetaka kumuuza. Anakula majani ya muhogo wangu na kunitazama.

Siku ile, unaijua. Ilikuwa siku ya tatu ya mama yangu, siku ya kuondoa matanga. Ulishuka asubuhi na gunia la machungwa, ukampa shikamoo kila mzee kwa adabu kubwa, nikajua hapa pana jambo. Ukaingia chumbani kwa mama. Ulipotoka ulikuwa umejifunga kanga zake, moja kiunoni na moja kichwani hadi usoni, unachechemea kwa mguu wa kushoto kama yeye, unawauliza wakwe zake mbona sufuria zao hazijasuguliwa. Mhina! Shangazi alianguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa sijala siku tatu, na nilipokucheka nikasikia njaa. Sijui kama niliwahi kukushukuru kwa hilo.

Halafu ukamfungua beberu. Haki yako. Anachonyakua mtani msibani ni chake, wenye msiba wakitaka wamkomboe kwa maneno matamu. Ukamtupa mabegani, ukatoka mbio kuelekea barabarani na kanga ya mama usoni, na mimi nikatoka nyuma yako na mwiko mkononi, nacheka, napiga kelele kwa nguvu zote zilizonibakia: "Mwizi huyo! Mkamateni mtumwa wangu! Kaiba mbuzi wa msiba!"

Wanawake wakaitikia kwa vigelegele. Mama zetu walipiga kelele hizo hizo, na bibi zetu, na hakuna aliyewahi kukimbia zaidi ya hatua hamsini kabla ya kurudishwa akila pilau.

Ila barabarani siku hizi pana kijiwe cha bodaboda. Unamkumbuka Elia, yule kijana wa bara aliyekuja kufanya kazi mpakani Horohoro, kisha akahamia huku kwetu na pikipiki yake nyekundu? Mtu mzima, ana mke na mtoto. Msibani hakuwapo. Aliona mtu amejifunika uso anakimbia na mbuzi, na nyuma yake kilio cha mwizi. Akawasha pikipiki, akakugonga kwa gurudumu la mbele.

Nilisikia mfupa. Nilikuwa mbali bado, na nilisikia. Beberu akaruka upande wake, wewe upande wako. Kabla hujainuka alikuwa ameshakupiga teke la kichwa, na watu wakaja. Walitoka dukani, walitoka kwa kinyozi, walitoka shambani. Sijui watu hutoka wapi upesi namna ile. Ukiita msaada wa kubebewa mgonjwa hupati hata wawili. Walikuja na mawe, na fimbo, na mmoja alikuja na mnyororo wa pikipiki, na mnyororo ule ulipokuwa ukishuka ulitoa mlio ambao mpaka leo nikisikia ndoo kisimani naiachia kamba. Kanga ya mama ilikuwa imekukaa usoni, na pale penye mdomo palikuwa pamelowa, pekundu, panapanda na kushuka.

Nilifika, Mhina. Hapa ndipo. Kila mtu anadhani nilifika umeshakufa, na mimi nimewaacha wadhani.

Nilifika, nikapenya, nikawa karibu yako kama nilivyo karibu na karatasi hii. Sijui ulinijuaje na uso umefunikwa. Labda harufu ya ng'onda, samaki wakavu ninaouza, si ulikuwa ukiniambia nanuka ng'onda mpaka kwenye ndoto zako. Ulinyoosha mkono. Vidole viwili vilikuwa vimepinda nyuma. Ukasema, "Sema, Mwanaidi. Sema."

Nilijua unataka niseme nini. Nitakuja kwenye hilo. Mwanamume mmoja mwenye jiwe alinigeukia, jasho linamtiririka, macho hayanioni, akaniuliza, "Unamjua huyu? Au mwenzake?" Na mimi, Mwanaidi mwenye mdomo, Mwanaidi asiyeshindwa na mtu sokoni, nilirudi nyuma hatua moja. Sikusema kitu. Nilirudi nyuma hatua moja, na kwenye nafasi niliyoiacha akaingia kaka yangu Bakari.

Alikuwa ametoka kuchimba muhogo, hakuuliza. Aliambiwa tu, huyu kaiba mbuzi wa matanga ya mama yako. Akauinua mpini wa jembe kwa mikono miwili. Alipiga mara tatu. Mara ya kwanza ulilia, mara ya pili ukalia kidogo. Ya tatu ilikuwa sauti ya mti tu. Kisha akainama kuivuta kanga, amwone mwizi, na akakuona wewe uliyembebea machungwa harusini kwake.

Bakari hajasema sentensi nzima tangu siku ile.

Sasa sikiliza yaliyofuata, ndiyo yanayonichemsha damu. Polisi walipokuja walimchukua Elia. Wazee wakakaa, wakakubaliana, na maneno yao yamekuwa kama dua, kila mtu anayajua. "Sisi wa pwani ni waungwana, hatuui. Huko kwao bara mwizi wa mfugo harudi nyumbani, ndiyo mila yao. Katuletea mila za kwao." Wakanijia mimi, shahidi, kwa upole: ukiitwa sema Elia, usitaje mwingine, mwacha mila ni mtumwa, na damu ya ndugu haiuzwi. Nikawauliza, mila ipi? Wakaomba maji.

Naye Elia, nimesikia, alijitetea polisi kwa maneno hayo hayo yaliyogeuzwa. Kwamba kwao utani wa namna ile haupo. Kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho, naye aliona huku mwizi hupigwa, akapiga. Nilitaka kumchukia, Mhina. Nimejaribu sana. Kuna siku nimepika huku nampiga mpini akilini mwangu, mara tatu, naomba aliwe na funza huko mahabusu. Lakini nikifika hapo najiuliza alijuaje kwamba huku mwizi hupigwa. Nani alimfundisha?

Mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi na wewe tulikuwapo.

Unamkumbuka yule wa gulio, aliyeniibia kikapu cha ng'onda? Mwembamba, shati la kijani. Nilimkamata mwenyewe. Nilimpiga kwa jiwe la mizani juu ya jicho, nikaona nyama ikifunguka, nikapiga tena. Nilifurahi, Mhina, nisikudanganye. Watu walijaa, Wadigo watupu, wa hapa hapa, na mtu alikuwa ameshaleta petroli kwenye chupa ya maji. Hakukuwa na mtu wa bara hata mmoja pale. Elia alikuja mwaka uliofuata, na kijiweni walimpa kisa kile kama kichekesho, kwamba wanawake wa huku msicheze nao.

Na wewe ukaruka juu ya machungwa yako, ukamlalia yule mwizi kwa tumbo lako lote, ukapiga ukelele: "Huyu mtumwa wangu! Mtani wangu huyu! Nampiga mimi peke yangu, nyie hamna haki naye!" Uongo mtupu, hukuwa unamjua jina. Ukamzaba makofi ya mzaha, ukamtukana babu yake, ukamwambia ananuka, ukamburuta kwa sikio mpaka kwenye ua wa minyaa, huku watu wanacheka, na yule mwenye chupa naye akacheka, akaifunga. Nilikununia wiki mbili. Nikakwambia, kwetu mwizi ni mwizi, usituharibie desturi yetu. Ukanijibu huku unamenya chungwa, "Desturi yenu nzuri, Mwanaidi. Ila yangu ina nafasi ya mtu kulala chini."

Neno lako lile la gulioni ndilo uliloniomba barabarani. Maneno matatu. Huyu mtumwa wangu. Ningeyasema kwa sauti ile ile ya kuuza ng'onda, wangesita. Hata mmoja angesita, labda Bakari. Nilikuwa nayo mdomoni.

Watu wakija kunipa pole husema, "Masikini, na wala hakuwa mwizi." Zamani nilikuwa naitikia. Siku hizi namuuliza anayesema: na angekuwa? Wananitazama vibaya. Kwa Wadigo ulikuwa mtani na kwa Elia ulikuwa mwizi, sawa, kila mtu na kwao, nimelielewa hilo vizuri kuliko wanavyodhani. Lakini mnyororo ulikuwa mmoja. Jiwe halikuuliza kabila. Na pale chini, mtu wa shati la kijani na wewe mlilia kilio kimoja, nimevisikia vyote viwili, mimi ni shahidi. Nimemaliza kubishana na wazee juu ya mila ya nani. Nimechoka.

Jumatatu naitwa mahakamani Tanga. Bakari anajua. Jana alikuja, akakaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, akaokota nazi akaanza kuikuna bila kuombwa. Amekonda. Nilimwambia, "Kaka, nitasema." Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu, na bado akawa anakuna kifuu. Nikamshika mkono. Hakuniambia nisiseme. Wazee wameshaniambia nikisema nisirudi, na shangazi amesema mama atageuka kaburini. Namwogopa mama kuliko hakimu. Lakini mama alipenda ulivyomwiga, alikuwa akikuagiza mwenyewe: "Nikifa, Mhina asikose."

Basi naahidi, mtumwa wangu. Jumatatu nitasema Elia aligonga, na teke alipiga. Nitasema Bakari alipiga mara tatu. Nitasema mimi niliita mwizi, na nilipoombwa neno nilirudi nyuma hatua moja. Wataandika watakavyo.

Na hitma yako ya mwaka, ikiwa nitakuwa bado na mlango wa kutokea, nitapanda kuja Muheza na beberu. Uliyemnyakua ni wako. Nitamfunga mlangoni kwa mkeo. Kisha nitaivaa ile kofia yako. Nitakohoa. Nitawauliza mashemeji zako mbona chai haina tangawizi. Halafu nitamkamata jogoo wenu mkubwa, nitajifunika uso kwa kanga ya mama, ambayo nimeifua mara saba na bado ina doa, na nitatoka mbio naye mpaka barabarani, palipo na pikipiki na watu wasionijua.

Nitaogopa, Mhina. Nitakimbia hivyo hivyo. Mkeo akipiga kelele za mwizi, niombee apatikane mtu mmoja wa kunilalia kama ulivyomlalia yule wa gulio.

Kwa heri, wee mwenye masikio. Lala, na uache kunusa ugoro, unawasumbua majirani.

Mtani wako,
Mwanaidi