Madaftari Yasiyojaa

Jumanne, Kaloleni

Sikukusudia kumliza Mwanaidi. Niliwaambia Kidato cha Tatu wafunge madaftari waandike wanachokumbuka kuhusu figo. Yeye, ambaye daftari lake ni nadhifu kuliko yote, aliandika kichwa tu akakwama.

"Lakini madamu, yote nimenakili!"

"Najua. Sasa niambie bila kuangalia."

Machozi.

Ijumaa naibu wa mwalimu mkuu anakagua madaftari, na ya darasa langu hayajajaa. Mkataba wangu unaisha muhula huu. Ningewapa kurasa kumi wanakili kesho, yaishe.

Ila jioni Mwanaidi alinifuata getini, akanieleza figo yote bila daftari. Alikosea mara mbili, akajisahihisha mwenyewe.

Naogopa. Lakini kesho siwapi cha kunakili. Ijumaa nitamwomba naibu afunge madaftari, awaulize wao.