Daftari Alilolipeleka Mtani Hale

Jumatatu, 3 Februari

Leo tena hatukufundishwa Kompyuta. Tangu mwalimu wetu ahamishwe, kipindi kinakuja, kengele inalia, kipindi kinaondoka. Tulikaa kwenye chumba cha kompyuta na noti za kaka na dada waliomaliza. Mashine sita, zinazowaka tatu, sisi kumi na tisa. Sijagusa kibodi tangu shule ifunguliwe. Kugusa mpaka usukumane, na kusukumana siwezi.

Kwa hiyo naandika programu zangu kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba vidogo vidogo. Kila herufi chumba chake. Nikimaliza naipitisha kwa kidole, mstari hadi mstari, pembeni naandika kila namba inavyobadilika. Kompyuta ni mimi. Sikosei sana. Ila mtihani wa vitendo haufanywi kwa kidole, na Mei si mbali. Nisipopata alama nzuri ya Kompyuta, kozi ninayoitaka chuoni siipati. Basi. Hakuna mlango mwingine wa kozi ile.

Nikamwambia Nyamizi. Akasema, "Acha kulia lia, Mchoma Mkaa. Nitakutafutia mwalimu."

Nyamizi ni jirani yangu wa dawati tangu kidato cha tano. Mnyamwezi. Babu yake alikuja kukata mkonge, wakabaki hapo hapo kambini, njia ya kwenda Hale. Mimi Mzigua wa Mazingara. Kwa hiyo ni watani, kama walivyokuwa babu zetu. Yeye ananiita Mchoma Mkaa, mimi namwita Mpagazi. Anakula chakula changu bila kuomba. Na yeye ndiye mdomo wangu. Kwa mwalimu wa zamu, dukani, kokote, anayeongea ni yeye. Mimi nasimama nyuma.

Jumamosi, 8 Februari

Kapatikana! Mama mmoja anakaa Hale, nyumba za wafanyakazi wa umeme. Anaitwa Mama Naomi. Mume wake yuko kituoni pale, yeye alikuwa anafundisha kompyuta chuoni Dar kabla ya kuzaa. Anafundisha bure, anasema kukaa bila kufundisha kunamchosha. Ila anachukua mwanafunzi mmoja tu, kila Jumamosi, maana ana mashine moja na mtoto mchanga. Na kabla hajamchukua mtu anataka aone kazi aliyoiandika mwenyewe.

Nyamizi akasema twende wote. Mtu mzima simjui, anifungulie daftari mbele yangu, aniulize kwa Kiingereza cha chuo! Darasani Kiingereza nakiandika vizuri, nikikiongea kinanikwama kooni kama ugali mkavu. Nikamwambia aende yeye.

Nikampa daftari. Hapa niandike ukweli wote, maana hakuna atakayesoma. Nilimwambia asiseme ni la nani. Mama akicheka, alichukue arudi, tusahau. Akisifu, ndiyo aseme: ni la Zaituni. Hata jalada la kaki nililitoa nikavalisha jipya, bila jina. Niliogopa nichekwe nikiwa na jina.

"Kwa hiyo nakwenda kukuposea mwalimu," Nyamizi akasema.

"Eeh. Niposee."

"Na mshenga analipwa nini?"

"Mpagazi halipwi, anabeba."

Alicheka mpaka akakaa chini. Leo nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 10 Februari

Amekataa. Nyamizi anasema mama yule kafungua kurasa mbili, kasema hana nafasi mwaka huu. Daftari limebaki kwake, alikuwa anamnyonyesha mtoto, Nyamizi akaona aibu kulidai. Atalifuata.

Nilisema sawa. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso. Kurasa mbili. Alizisoma lakini? Au aliona mwandiko tu?

Jumapili, 23 Februari

Nimeanza daftari jipya. Sina moyo nalo. Kila nikiandika mstari namwona mama nisiyemjua akifunga ukurasa.

Daftari bado halijarudi. Nikimuuliza Nyamizi anasema wiki ijayo.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo wa nne. Kiu.

Leo Nyamizi alisukumana akapata mashine, akaandika programu ya kupanga majina kwa alfabeti. Ikakubali. Darasa zima tukamzunguka. Wiki tatu zilizopita alikuwa hajui hata pa kuanzia. Nikamuuliza kajifunzia wapi, akasema kwenye simu ya kaka yake. Nilimpigia makofi. Nilijivunia kweli, kama dada yangu.

Alipokuwa anaeleza kwa wengine alisema, "Ipitishe kwa kidole kwanza." Hilo ni neno langu. Nikafurahi kwamba ameshika neno langu.

Jumamosi, 15 Machi

Lazima niandike leo hii hii.

Nilikwenda Hale. Peke yangu. Moko, mtihani wa majaribio, imekaribia na mifano yangu yote iko kwenye lile daftari, nikajiambia, Zaituni, ni kugonga mlango na kusema sentensi moja. Ndani ya basi niliirudia kichwani. Shikamoo mama, nimefuata daftari.

Mama Naomi ni kijana kuliko nilivyodhani. Mtoto kiunoni. Nikaitoa sentensi yangu. Akauliza daftari gani, nikasema la vyumba vidogo.

"Aaa, la Nyamizi! Mbona mwenyewe anakuja saa tisa? Kakutuma wewe?"

Lilikuwa mezani, kando ya kompyuta. Juu ya jalada la kaki pameandikwa jina la Nyamizi, kwa mwandiko wa Nyamizi. Mama akalifungua. Ndani ni mimi. Kila chumba, kila herufi, mimi. Na pembeni wino mwekundu, ukurasa baada ya ukurasa. Safi. Hapa umefikiri. Safi sana. Hakusoma kurasa mbili. Alisoma daftari zima.

Akasema siku ya kwanza alipoliona alimwambia mume wake, huyu mtoto simwachi. Akasema, "Cha ajabu, akikaa kwenye mashine anakuwa kama siye aliyeandika. Nadhani ni mwoga tu. We rafiki yake, ni mwoga, eti?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mezani. Neno lilikuwa moja tu. Langu. Daftari langu. Likagoma kutoka.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni mwoga."

Nikaaga. Daftari sikulichukua. Niliogopa kumkuta Nyamizi kituoni akishuka, nikajificha nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli mpaka basi likaja. Mimi ndiye niliyejificha. Mimi!

Futari shangazi, ninayekaa kwake, kanipikia uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Nimeshindwa kumeza. Akauliza naumwa nini, nikasema tumbo.

Jumatatu, 17 Machi

Namchukia. Naandika tena. Namchukia.

Mapumziko nilimfuata dawatini, nikamwambia polepole, kwa sauti yangu hii ya mbu, kwamba Jumamosi nilikwenda Hale. Uso wake ulibadilika. Kwa sekunde moja niliona aibu, naapa niliiona. Halafu akaruka akasimama juu ya kiti.

"Jamani! Mzigua kanikasirikia! Mtani nimechukua kadaftari, kanuna! Siku ya msiba kwao mtani anaondoka na kuku, na sufuria, na kitanda cha marehemu, hakuna anayeuliza. Mtani anakasirikiwa?"

Darasa likaitikia, "Hakasirikiwi!"

"Anayekasirika anatozwa nini?"

"Faini!"

Wakapiga meza. Hawakujua ni daftari gani, wala limeninyima nini. Wangejua pia sijui kama ingesaidia. Sheria ni hiyo. Bibi yangu alichukuliwa mbuzi na watani kwenye arobaini ya babu, akacheka. Ukinuna mbele ya mtani, mkosaji unakuwa wewe.

Nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilifungua mdomo, na kitu cha kwanza kutoka leo kikawa kicheko.

Alhamisi, 20 Machi

Amenikuta bombani, tukiwa wawili. Hakuniita Mchoma Mkaa. Aliongea akiangalia ndoo.

Alisema Mama Naomi alisifu kabla yeye hajasema lolote. Alimshika mkono akamwambia, una kichwa. "Zaituni, mimi hakuna aliyewahi kunishika mkono kwa ajili ya kichwa changu. Wewe kila siku unaambiwa. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikapita."

Akasema niende kwao Jumapili, atanifundisha yote anayofundishwa. Yote, hafichi kitu.

Nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Jumapili, 23 Machi

Nilikwenda. Mahitaji hayana haya. Aliazima kompyuta ya kaka yake, akanipa kiti kizuri. Anaeleza vizuri kuliko nilivyodhani. Mfano wa kwanza aliouchukua ulikuwa wangu, wa ukurasa wa tisa, wa kutafuta namba kubwa. Akanieleza mfano wangu. Akafika pale nilipokuwa nimeweka alama niliyoibuni kwa kichwa changu mwenyewe, akasema, "Hapa Mama Naomi anasema ni fikra nzuri sana."

Nikainuka nikaondoka. Aliniita mpaka barabarani. Sikugeuka.

Najua nimejikomoa mwenyewe. Mwalimu mwingine sina. Najua.

Ijumaa, 4 Aprili

Idi imepita. Moko imepita. Nadharia nimeongoza darasa. Vitendo sikumaliza hata swali moja.

Nimeandika barua kwa Mama Naomi mara tatu. Ya Kiingereza inasikika kama nashtaki. Ya Kiswahili inasikika kama naomba. Nimezichana zote. Hata nikimpa, itakuwaje? Amfukuze Nyamizi mwezi mmoja kabla ya mtihani? Ataniangalia aseme, ulisimama sebuleni kwangu, kwa nini hukusema?

Nimehamia dawati la nyuma. Darasa linasema Mzigua bado ananuna.

Jumanne, 13 Mei

Mtihani wa vitendo. Mashine za kuazima zililetwa, kila mtu na yake. Programu ipokee alama za wanafunzi, itoe wastani, ioneshe aliyeongoza.

Niliijua. Naandika tena hapa ili nikumbuke nikizeeka: niliijua. Niliiandika kwenye karatasi ya rafu, nikaipitisha kwa kidole, ikakubali. Halafu nikaanza kuichapa. Natafuta nukta mkato, macho yanaipita. Natafuta mabano. Vidole viwili, kama kuku anadonoa. Nikabonyeza iende, ikakataa. Kosa moja, sijui mstari gani. Nikalipata. Ikakataa tena. Msimamizi akasema mikono juu.

Nyamizi alikuwa mashine ya pili kutoka kwangu. Yake ilikuwa inafanya kazi, namba zimejipanga kwenye kioo. Alinitazama. Nikatazama kibodi.

Haikuwa woga. Nilikuwa nataka sana ajue kwamba haikuwa woga. Ni mikono tu. Mikono yangu haikupata Jumamosi zake.

Jumatatu, 14 Julai. Mazingara

Matokeo. Hesabu B, Fizikia C, Kompyuta D. Nyamizi Kompyuta B.

Baba aliuliza D ni nini. Nikamwambia nimefaulu masomo yote. Akasema alhamdulillahi, akaniwekea mkono kichwani. Sikusema uongo. Ile kozi siipati, nimeangalia mara mbili kwenye simu ya binamu. Nitaomba ualimu wa hesabu. Mchana nilijaribu kujiambia ningebaki pale kwao ile Jumapili ningepata C. Huenda. Nisingekaa, lakini.

Jioni tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Simu ya mama ikalia. Mama akasikiliza, akacheka, akanipa. "Mtani wako huyo."

"We Mchoma Mkaa! Bado hujaungua tu?"

Sauti ile ile. Jibu nilikuwa nalo, lilikuja lenyewe ulimini, na lingemchekesha. Alikuwa analisubiri, nilimsikia akivuta pumzi tayari kwa kucheka.

Nikasema, "Salama, Nyamizi. Hongera kwa matokeo. Wazazi hawajambo?"

Nikasikia redio kwao, na mtu anaita mtoto.

"Hawajambo," akasema baadaye, taratibu. "Na kwenu?"

"Wote wazima. Tunashukuru."

"Haya, Zaituni. Wasalimie."

"Zimefika."

Nikamrudishia mama simu. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye mahindi. Tulikuwa na debe moja na nusu bado, tukalimaliza kabla ya magharibi.