Herufi Nne za Mwisho

Biharamulo Mjini,
Jumatano, 14 Mei 2025

Kwako Baba,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nyumbani Keza, miguu imepungua kuvimba na kile kikohozi cha masika kimekuacha. Msalimie sana Mama, umwambie dawa yake ya macho nimeipata, Leonidas anayekuletea barua hii anayo kwenye begi. Kuhusu mimi, ulitufundisha kwamba barua huanza kwa kusema "mimi ni mzima". Nimeliandika neno hilo mara mbili na kulikata mara mbili. Ukifika mbele utajua kwa nini limenikwama.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nimekupigia tangu wiki iliyopita. Mama ananiambia ile simu ya kazi umeizima, ukaifunga kwenye kitambaa na kuitia sandukuni chini ya vitenge vyake. Kaniambia pia kwamba Jumapili mbili hukuonekana jumuiya, wewe uliyekuwa ukiwafuata wengine majumbani wakichelewa. Na kwamba Jumamosi hii kuna mkutano wa kijiji wa kukuondoa kwenye uhudumu wa afya, kwa sababu ya yaliyompata jirani yetu Agripina. Kwa hiyo soma barua hii yote kabla ya Jumamosi. Usiiweke chini hata ukikasirika, na utakasirika.

Nianze na kazi yangu, ambayo huwa unawaambia watu kwamba ni kurekebisha kompyuta. Ule mfumo mnaoutumia ninyi wahudumu wa vijijini niliuandika mimi. Mkituma ujumbe wenye neno DHARURA, unafika kwenye seva, ile kompyuta ya hapa ofisini ambayo hailali. Programu inausoma, inatafuta dereva wa gari la wagonjwa aliye karibu, inampigia. Programu ikisimama, hakuna anayepigiwa. Ujumbe unakuwa umefika kwenye nyumba isiyo na watu.

Sasa, programu yoyote lazima iwe na namna ya kuisimamisha unapotaka kuitengeneza. Mwanzoni ilibidi niwe mbele ya kompyuta. Lakini mwezi wa pili nilikuwa barabarani kila wiki, leo Benaco, kesho Kirushya, nikaandika msimbo wa msimamizi: mimi au mkuu wangu, Bwana Gaudence, tukituma neno ZIMA kwa simu, programu inajifunga yenyewe, tukituma WASHA, inarudi. Siku ile nilijisikia kweli. Niliwaonyesha hadi walinzi wa getini.

Bwana Gaudence ni mtu wa adabu kama wewe, hawezi kutuma neno moja bila salamu. Aliandika kwamba Dada Irine habari za asubuhi, naomba zima sasa, asante. Msimbo ukamkataa. Nikaulegeza, uwe unatafuta herufi hizo nne popote zilipo ndani ya ujumbe. Kisha nilipokuwa Kirushya simu yangu ikashika mtandao wa ng'ambo ya mpaka, namba yangu ikafika kwa sura nyingine, msimbo ukanikataa hata mimi niliyeuandika. Kwa hasira nikaondoa sharti la kuangalia namba ya anayetuma. Nilisema ni kwa siku moja tu. Sikulirudisha.

Ujumbe wako, Baba, naujua hata bila kuangalia namba, maana wewe peke yako unaisalimia mashine. Nilikwambia haihitaji Tumsifu Yesu Kristo, ukanijibu kwamba huenda siku moja atakayeufungua akawa mtu. Mwishoni ulikuwa ukiweka jina moja tu, Pancras. Mwezi wa nne nikakupigia, nikakuomba uandike majina yote mawili, kwa kuwa Kirushya kuna mhudumu mwingine anayeitwa Pancras na madereva walikuwa wanawachanganya. Uliitikia vizuri tu. Ikumbuke simu hiyo. Mimi ndiye niliyekuomba.

Ijumaa ile ya tarehe mbili, Agripina alipoanza kutokwa damu, ulituma ujumbe, wako wa kwanza tangu simu ile, ukarudia mara mbili. Gari halikuja. Mkambeba kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kienyeji, mabegani, kama walivyobebwa bibi zetu, na mtoto akazaliwa kando ya barabara kabla hamjapata hata pikipiki. Namshukuru Mungu mtoto anaishi. Agripina bado yuko hospitalini, ameongezewa damu, na jana nesi aliniambia kwamba sasa anakaa na kula mwenyewe. Nampigia nesi huyo kila asubuhi, mpaka nadhani amenichoka. Lakini Minani, mumewe, alikwisha kusema mbele ya watu nje ya kanisa kwamba wewe mchana ule ulikuwa kwenye pombe ya ndizi, na kwamba hukutuma kitu.

Aliyempa nguvu ya kusema hivyo ni mimi. Jumatatu tarehe tano wakubwa waliuliza kilichotokea. Nilifungua orodha ya dharura, sikuona chochote kutoka kwenu, nikaandika taarifa ya mistari miwili: hakuna ujumbe uliopokelewa kutoka kwa mhudumu wa Keza. Niliandika mhudumu. Sikuandika baba yangu. Taarifa hiyo ndiyo aliyosomewa Minani.

Kesho yake roho haikutulia. Nimekujua miaka thelathini, sijawahi kukusikia ukisema umemfunga mbuzi na kumbe hujamfunga. Nikafungua kumbukumbu za seva, mahali inapojiandikia kila inachofanya. Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri: programu imesimamishwa kwa amri ya msimamizi. Sikutoa amri hiyo, wala Bwana Gaudence hakuitoa. Chini yake amri yenyewe iliandikwa neno kwa neno:

TUMSIFU YESU KRISTO. DHARURA. AGRIPINA WA MINANI ANA UCHUNGU NA DAMU NYINGI. TUPO KWAKE. MIMI PANCRAS NIYONZIMA.

Niliisoma mara nyingi kabla sijaona. Angalia herufi nne za mwisho za jina lako, Baba. Programu iliziona hizo kabla ya kitu kingine chochote, ikatii, ikajifunga. Ujumbe wa pili na wa tatu haukukuta wa kuupokea, hadi usiku programu ilipojiwasha upya yenyewe kama kila usiku, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Jina ulilonieleza nikiwa mdogo kwamba linamaanisha Mungu ndiye mzima, mashine yangu ilisoma humo amri ya kuzima. Hukulewa, hukulala, hukudanganya. Ulituma, tena kwa maneno yaliyonyooka kuliko ya wahudumu wote.

Sasa lililo zito zaidi. Haya niliyajua Jumanne ya wiki iliyopita. Kosa nililiziba siku ileile, kimyakimya, nikafunga mdomo siku nzima, na siku ya pili, na leo ni siku ya nane. Mama alipokuwa akinisimulia habari za mkutano huku analia, nilimwambia avumilie, ilhali ukweli ulikuwa mezani kwangu umechapishwa. Chakula kinanishinda. Juzi ndipo nilipomweleza Bwana Gaudence. Akasema, "Subiri kwanza, Irine. Tutasema ni mtandao." Nusura nikubali, Baba. Kazi hii naipenda na naiogopa kuipoteza.

Kilichonizuia ni jambo ambalo Bwana Gaudence mwenyewe halijui. Mfumo ule niliujaribu mara zisizo na hesabu kabla haujafika kwenu, nikituma ujumbe kwa jina langu. Ila huku Biharamulo mimi si Niyonzima. Najiandika Irine P. Wiki ya kwanza nilipofika, watu walilisikia jina wakaniuliza kama nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Benaco, kama kwetu ni ng'ambo, kama nina kitambulisho. Wengine walitania, wengine hawakutania. Nikachoka kueleza kwamba sisi Wahangaza tulikuwa pale kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Nikaliacha jina la Niyonzima, nikabaki na herufi moja tu ya Pancras. Ningelitumia hata siku moja tu, mfumo ungezimika mbele yangu hapa mezani, bila mgonjwa, bila ingobyi. Jumanne ile, kabla sijaziba kosa, nililiandika lote ili nijaribu: Irine Niyonzima. Nikatuma. Ukazimika palepale. Nilikaa nikaitazama ile skrini na nikalia kwa aibu, na haikuwa aibu ya kompyuta.

Juzi jioni nimeusimamisha mfumo kabisa, mpaka mtu mwingine aukague, maana sijiamini tena. Nimewapigia wahudumu wote arobaini na mmoja, mmoja mmoja, wawapigie madereva wenyewe. Wote wamepokea isipokuwa wewe. Namba za madereva nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Leo asubuhi nimepeleka taarifa mpya kwa wakubwa, yenye kosa langu na saini yangu, na Bwana Gaudence nimempa nakala baadaye. Hajasema nami tangu saa nne. Sijui mwezi ujao nitakuwa wapi.

Leonidas amebeba pia ule ukurasa wa kumbukumbu za seva, wenye ujumbe wako na saa yake. Mpe mwenyekiti ausome mkutanoni. Nitapanda gari la asubuhi Jumamosi ili niseme kwa mdomo wangu, Minani akiwa mbele yangu. Gari likichelewa, wasomewe barua hii yote, hata pale nilipokuaibisha. Usiniruhusu nijifiche nyuma yako tena.

Na ile simu, Baba, itoe sandukuni leo. Kuna wajawazito wengine Keza, na wanaijua namba yako.

Wasalimie wanajumuiya, na umpelekee Minani salamu zangu ikiwa atazipokea. Mwambie nitapita kwake kwanza kabla sijaingia nyumbani. Naomba unijibu, hata kama ni kunigombeza. Nikisikia sauti yako inanigombeza nitajua wewe ni mzima, na mimi nitaweza kuliandika neno hilo tena.

Mimi mwanao,

Irine Niyonzima