Wiki Tano za Ngozi ya Furaha

Ijumaa, 13 Machi. Bwera. Manyunyu tangu alfajiri, milima imefunikwa yote, nepi za jana bado mbichi kwenye kamba.

Leo natimiza wiki tano tangu nianze utaratibu wa ngozi ya Furaha. Mwanangu ana miezi minane, na ukurutu umemkaa mashavuni, viwikoni na nyuma ya magoti. Muuguzi wa hospitali aliniambia: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, mafuta mazito ya mgando mara tatu kwa siku. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja tu kwa wiki, na uandike.

Nimeandika. Wiki ya kwanza alitulia. Ya pili akachubuka tena, nikabadilisha sabuni. Ya tatu nikashuku maji ya bomba, nikaanza kukinga ya mvua na kuyachemsha. Ya nne nikamvua sweta ya sufi. Wiki hii nimeacha mayai na karanga, nikidhani kosa liko kwenye maziwa yangu.

Leo umeme ulikatika, bosi akafunga chumba cha cherehani mapema. Nilifika nyumbani saa sita. Mama mkwe alikuwa mkekani, Furaha mapajani, anampaka losheni yake ya waridi.

"Mama, hiyo tangu lini?"

"Kila siku, Mama Furaha. Minamupakalaka kidogo tu mbele ya kutoka naye." Hakushtuka hata kidogo. "Ile mafuta yako ya lopitali haina hata harufu. Mutoto anakauka sawa kuni! Batu ba kanisa beko naangalia. Batasema mama yake ni muvivu."

Wiki tano.

Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikaona miguu yake mwenyewe, imepauka hadi magotini. Alikuja kwetu kutoka Beni, upande wa Kongo, na mfuko mmoja tu. Losheni hiyo anajinyima, amwekee mjukuu.

Nikamweleza polepole kwamba manukato yanamuwasha mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu. Basi batu ba kanisa bamucheke."

Sijui kama hiyo ni ahadi.

Jioni nimeishika chupa mara mbili nikitaka kuificha, nikairudisha dirishani. Nikimkasirisha, nani atashinda na Furaha? Mume wangu yuko kazini Kasese mjini. Kwenye simu alicheka: "Mwache mama, yeye amelea saba."

Ninachokiona aibu ni hiki: daftari langu lina sabuni, maji, sweta na mayai, lakini halina hata mstari mmoja wa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nikiwa kazini. Nilichunguza kila kitu ninachokifanya mimi. Anayeshinda na mtoto sikumuuliza hata siku moja.

Nimegeuza ukurasa, nimeandika tena: wiki ya kwanza. Na hata sina uhakika kwamba ni losheni. Huenda nikaitoa na ukurutu ukabaki palepale.

Furaha anajikuna usingizini. Nimemvika soksi mikononi, anazivua kwa meno yake mawili. Namvika tena.

Kesho saa mbili nitamwacha kwa bibi yake kama kawaida. Sina mikono mingine.

Saa nane na dakika ishirini usiku. Sasa nalala.