Nishani Ulizoziacha na Upande Mmoja

Mwalimu wangu, Fundi Mbwana,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Ulipotutoka, zile nishani za maonyesho ya kimataifa ya kazi za mikono zilikuwa na upande mmoja tu. Ulishachonga kalibu ya kumiminia shaba, yenye mwanamke anayesuka mkeka. Upande wa maandishi hukuugusa. Baada ya hitima, bwana mmoja wa waandalizi alikuja hapa karakanani Likoni. Akanipa pole, kisha akasema kazi itapelekwa kiwandani, ng'ambo.

Nikamwambia, "Nipe wiki moja."

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanafunzi wake. Mwaka wa tisa huu."

Akaitazama mikono yangu, Mwalimu, hakunitazama usoni. Akakubali.

Ya kwanza niliiharibu. Nilichonga maneno bila kuyageuza, kosa la siku yangu ya kwanza kabisa! Shaba ilipopoa, maandishi yakatoka kinyumenyume. Nikaketi sakafuni nikalia. Si kwa ajili ya kalibu. Nililia kwa kuwa hapakuwa na wa kunicheka. Wewe ungesema, "Mwanaidi, hii umewaandikia majini?" Nikayasema mwenyewe kwa sauti yako, nikacheka peke yangu kama mwehu, nikaanza upya. Mkeo Bi Zena, naye yuko edani, akanitumia ile miwani yako ya kukuzia. Miwani tu, imefungwa kwenye leso yake.

Siku ya saba, bwana yule aliishika nishani, akaigeuza, akaigeuza tena. "Ziendelee," akasema.

Maonyesho yamekwisha. Wamenitumia picha: bibi mmoja msusi wa vikapu, wa nchi hata siijui, amevaa nishani yetu, kidole gumba kimetulia juu ya ule mkeka uliouchonga. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Sasa wanataka nyingine, za maonyesho yajayo. Mara hii pande zote mbili ni zangu. Naogopa, wallahi. Lakini kesho asubuhi nawasha tanuri.

Pumzika, Mwalimu wangu. Mola akunawirishie kaburi lako. Nakuahidi: itakayotoka ya kwanza nitampelekea Bi Zena, aishike aniambie kweli. Hata wewe hakuwahi kukusifu bure.

Mwanaidi