Bibi Wegesa, Aliyedai Udongo Wake

Mwaka umetimia, Bibi, tangu tukulaze hapa Nyansurura, mwezi wa Agosti 1957. Wapo waliosema pale pale kaburini kwamba nyumba yako imekwisha. Waje waone. Jikoni kwako moto unawaka, na uji wa ulezi tunaunywa bila sukari, kama ulivyotulazimisha.

Hukujaliwa mtoto wa kiume. Ukatoa ng'ombe wa mahari mwenyewe, ukamwoa mama yetu Mokami kwa desturi ya nyumba ntobhu, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yako. Ndio sisi. Ulitupenda kwa kelele. Asubuhi ulitufokea, jioni ukatumiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chako ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukigusa.

Mapadre walipoanzisha chuo kule kilimani, kilikuwa chumba kimoja cha miti, kimeezekwa nyasi. Wewe na wanawake wenzako mlikanyaga udongo, mkakandika kuta. Watu walicheka: watoto wa wafugaji wafundishwe historia na Kilatini, ili iweje? Ukawajibu, "Ng'ombe tunawajua tayari. Waende wakajifunze tusichokijua."

Siku ulipompeleka Ryoba, kaka yetu mkubwa, Padre mkuu wa chuo alimkataa. Alitaka jina la baba, na ndoa yenu hakuitambua. Hukubishana naye. Ulirudi nyumbani, ukachukua jembe, ukaenda kuubandua ukuta uliokandika kwa mikono yako.

Padre alitoka mbio. "Mama, unafanya nini?"

"Nachukua udongo wangu, Padre. Kama mtoto wa nyumba yangu hana nafasi hapa, na udongo wangu hauna."

Ryoba aliingia darasani siku hiyo hiyo, aibu imemjaa, upepo ukimpiga kupitia tundu ulilotoboa. Hukukubali kuliziba mpaka alipomaliza masomo. Ukaja na ndoo yako, ukakandika, ukaondoka bila kuaga.

Tunajivuna kwa ajili yako, na asiyependa shauri yake. Leo chuo kina majengo matatu ya mawe na chumba kizima cha vitabu, na Ryoba anafundisha historia humo. Mwaka huu wameanza kupokea wasichana. Mwezi uliopita tulimpeleka Nyangi, kitinda mimba wetu. Mwalimu mmoja mgeni akamuuliza jina la baba.

"Wegesa."

"Hilo ni jina la mwanamke."

"Ndiyo, mwalimu. Shikamoo. Na jembe lake tunalo nyumbani."

Ameshaanza masomo, Bibi.

Unakumbukwa na Mokami uliyemwoa, na watoto wa nyumba yako: Ryoba, Mogesi na Nyangi, pamoja na wanawake wote mliokanyaga nao udongo ule. Tunakukosa sana, hasa jioni. Tutakukumbuka siku zetu zote, na kila tutakapoulizwa sisi ni wa nani, tutakutaja wewe.